Missa Luba ya Kamina (1958): walimu wa kwaya, isikilizeni kabla hamjaingia studio

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila Kwaresima inapokaribia humu jukwaani zinaanza nyuzi zilezile. Kwaya fulani inataka kurekodi albamu ya nyimbo za tafakari, inauliza prodyuza gani mzuri, video ipigwe ufukwe gani, sare ziwe rangi gani. Sare! Muziki wenyewe unakuja kuguswa ukurasa wa nne, na hapo ni kama kuna mtu amekumbuka. Leo naleta rekodi moja ya zamani tuijadili kama wanakwaya. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Rekodi ni Missa Luba, yaani Misa ya Waluba, watu wa Kongo. Wengi mmeshaisikia bila kujua jina lake. Mwongozaji wa filamu wa Italia, Pasolini, aliiweka Gloria (Utukufu) yake kwenye filamu yake ya 1964 ya Injili ya Mathayo, na Sanctus (Mtakatifu) yake ilisikika kwenye filamu moja ya Lindsay Anderson ya 1968 kuhusu wanafunzi wa bweni wanaoasi. Baada ya hapo Sanctus ikaingia kwenye chati za Uingereza mwaka 1969, ikiwa katikati ya magitaa ya umeme. Wimbo wa Misa, kwa Kilatini, wa watoto wa shule kutoka Katanga.

Kamina ni mji wa huko Katanga, kusini mwa Kongo, leo makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami. Ni mji wa reli. Njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inakwenda eneo la Kasai, nyingine inapanda kuelekea Ziwa Tanganyika, upande ambao ukivuka maji unatokea Kigoma. Miaka ya 1950 alikuwepo pale padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, aliyekusanya wanafunzi na walimu wa shule akaunda kwaya. Nchi ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, kwa hiyo kwaya ikapewa jina la mfalme wao: Les Troubadours du Roi Baudouin. Wavulana kama 45 wa miaka 9 hadi 14, walimu wapatao 15, na ngoma. Hakuna kinanda, hakuna gitaa.

Misa hiyo waliiimba kwa mara ya kwanza Kamina, Machi 1958. Mwaka huohuo wakazunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na Philips wakatoa sahani ya santuri. Kwenye sahani iliyosambaa zaidi, upande mmoja ni Misa yote na upande wa pili ni nyimbo za kwao: za ndoa, za kazi, za askari, za kutoka matanga. Misa nzima, Kyrie (Bwana, utuhurumie) mpaka Agnus Dei (Mwanakondoo wa Mungu), inaenea upande mmoja tu. Leo kwaya yetu inatumia muda huo kwa utangulizi wa kinanda na salamu za mlezi.

Sasa nije kwenye kiini. Wale watu hawakuwa na nota. Hakuna aliyekaa mezani akatunga sauti nne kisha akagawa karatasi. Maneno ni Kilatini cha Misa neno kwa neno, maana kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano hapakuwa na ruhusa nyingine. Muziki uliota mazoezini: mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, kesho yake wanabadilisha, keshokutwa wanakubaliana. Nota mnazoziona zikiuzwa leo ziliandikwa baadaye. Kwa hiyo mnachosikia kwenye sahani ni namna walivyoimba siku ile. Wangerekodi wiki mbili mbele, pengine Credo (Nasadiki) ingekuwa na kona nyingine.

Tuisikilize sasa, na naomba kila mtu avae spika za masikioni, si simu juu ya meza.

Kyrie imejengwa juu ya kasala, uimbaji wa Waluba unaosikika sana kwenye kilio. Sauti moja ya mwalimu, Joachim Ngoi, inatangulia. Hana haraka. Anaiweka "Kyrie" halafu anaiachia, na kundi linaipokea kutoka nyuma yake. Sikilizeni wanavyopokea: hawaingii kwa mpigo wa fimbo ya mwalimu, wanaingia kwa pumzi yake. Anapovuta hewa, nao wanavuta. Hilo huwezi kulifundisha kwa kuandika alama ya pumziko kwenye karatasi.

Sanctus haifiki dakika mbili, na ndiyo iliyozunguka dunia. Mwanzo wake umetoka kwenye wimbo wa Kiluba wa kuagana. Ni mzito, wa polepole, ngoma iko chini kama haitaki kusikika. Halafu inafika Hosanna, na hapo wanashika mdundo wa densi ya Kasai. Hawabadilishi ufunguo, hawaongezi ala, watu ni walewale na ngoma ni zilezile. Kilichobadilika ni mwendo, na mwili wako unajua kabla ya kichwa. Agnus Dei wameitoa kwa Bena Lulua, kabila la Kasai, huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Reli niliyowatajia ilifika Kasai mwaka 1928 na ikaleta watu kushuka kwenye migodi ya Katanga, ndiyo maana kwaya ya mji mmoja ina nyimbo za pande zote hizo.

Jambo jingine kwa walimu: sauti zao kwa sehemu kubwa zinatembea sambamba. Ya juu ikipanda, ya chini nayo inapanda. Ukiwa umelelewa kwenye solfa za wamisionari utasema "hawa hawajui kanuni". Lakini Kiluba ni lugha ya toni: neno lilelile ukilipandisha au kulishusha linakuwa neno jingine. Muimbaji aliyekulia humo hawezi kuipeleka sauti ya pili chini wakati ya kwanza inapanda, atakuwa anaimba maneno mengine. Kilatini hakina kizuizi hicho, ila sikio lao lilishazoea njia hiyo, nao wakaifuata.

Hoja yangu ni hii, na najua nitapigwa mawe. Nyimbo za tafakari tunazirekodi kinyume na zinavyoimbwa. Tunaanza na kinanda na mdundo wa kompyuta. Kisha sauti ya kwanza inaingia kibandani peke yake Jumamosi, ya pili Jumapili baada ya Misa, tena wanakuja wawili kati ya kumi, besi anarekodi mtu mmoja mara nne. Prodyuza ananyoosha kila noti mpaka watu arobaini wanasikika kama filimbi moja. Hapo pumzi niliyoisema kwenye Kyrie itatoka wapi? Waimbaji hawajawahi hata kuwa chumba kimoja.

Rekodini kwaya nzima, kwa pamoja, mahali penye mwangwi wake, bila kinanda. Naomba kuwasilisha.

---

DadaAlto

Mwalimu, uzi mzuri, ila unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipia studio.

Sisi kwaya yetu ina watu 38 kwenye daftari. Siku ya mazoezi wanafika kumi na tano, na kati ya hao watano wanakuja kwa sababu baada ya mazoezi kuna kikao cha michango. Ukisema tuimbe wote kwa pamoja, mmoja akikosea tunarudia wote. Akikohoa, tunarudia wote. Mara ya saba watu wana njaa, mara ya kumi mama watoto wanataka kuondoka. Kibandani ukikosea unarudia mstari wako peke yako, wenzako wako nyumbani.

Halafu hao wavulana wa Kamina walikuwa wanafunzi wa shule. Walikuwa na mazoezi kila siku na mtu wa kuwaita darasani. Wewe nipe watoto 45 ambao hawana kazi, hawana ndoa na hawana kikoba, nitakurekodia Misa mbili.

---

Besi wa Nyuma

"Besi anarekodi mtu mmoja mara nne." Huyo mtu ni mimi wakuu. Na kwenye video tulisimama kumi.

---

Mpenda Pambio

Mimi nina swali la imani, siyo la muziki. Mwalimu amesema mwenyewe kwamba Kyrie ni wimbo wa kilio na Hosanna ni densi. Sasa tafakari iko wapi? Wazee wetu waliokataa ngoma kanisani hawakuwa wajinga. Walijua ngoma ile inapigwa wapi tena usiku. Wimbo wa tafakari unatakiwa umtulize mtu, asitingishe bega.

---

Mwalimu wa Zamu

DadaAlto, nitakujibu, ngoja nimalizane na huyu kwanza.

Mpenda Pambio, hofu hiyo naielewa na haikuwa ya wazee wetu peke yao. Lakini angalia mwaka. Desemba 1955 Papa Pius XII alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu, na humo aliwahimiza wamisionari waithamini mapokeo ya uimbaji ya watu waliowaendea. Miaka miwili na kitu baadaye Kamina wanaimba. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalisema wazi kwenye hati ya liturujia: muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa kwetu Tanzania alitoa kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na 1988 Kongo wakaruhusiwa utaratibu wao wa Misa. Kwa hiyo ngoma haikuingia kwa mlango wa nyuma, ilijadiliwa na watu waliosoma.

Kuhusu bega: Sanctus ni wimbo wa malaika wakishangilia. Anayeuimba kama yuko foleni ya benki ndiye anayetakiwa kujieleza. Kwamba tafakari ni utulivu peke yake, hilo wewe ndiye umeliongeza.

---

Mpenda Pambio

Tumekubaliana kutokukubaliana. Lakini nimeisikiliza hiyo Kyrie. Sina neno juu ya Kyrie.

---

Mtoto wa Kamina

Bandugu, jambo yenu bote. Miye niko muntu wa Kamina, sasa niko Lubumbashi. Kiswahili yetu iko mbalimbali na ya kwenu, munivumilie.

Mwalimu anasema kasala inasikika sana pa kilio. Ni kweli, lakini haiko paka ile (haiko ile tu). Kasala ni kuita muntu: jina yake, ya baba yake, ya nkambo (babu) yake, fasi (pahali) alitokea, mambo makubwa alifanya. Pa kilio banaita marehemu namna ile, bantu banalia. Lakini hata pa feti, hata pa siku ya chefu, banaweza kuimba kasala. Mwenye kuimba anajua jamaa yote kwa kichwa, hana karatasi. Akisimama mbele yako na kuanza kuita bankambo yako, utatosha (utatoa) feza yenye haukupanga kutosha.

Njo maana Kyrie ile inaingia muzuri. Kyrie ni kuita. Unaita Mukubwa, unanyamaza, unangoja. Bale balimu balishajua kuita tangu mu nyumba za bazazi babo. Muzungu hakubafundisha ile.

Na juu ya Mon Père Haazen: disque inaandika jina yake kama mwenye kupanga muziki. Ngoi banamuandika kama soliste. Ni sawa, lakini bale bengine bote, bavulana arobaini na tano, majina yabo iko wapi? Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na kwetu kulikuwa camp kubwa ya basoda ba Belgique. Bantu balitawanyika. Sanctus ilienda Londres, benyewe balibakia na vita.

---

Mwalimu wa Zamu

Mtoto wa Kamina, umenifungulia kitu. Hilo la kuita na kungoja nalichukua kama lilivyo, nitalitumia mazoezini.

Na hilo la majina limenigusa kwa sababu tunalifanya hata sisi. Chukua kava la albamu yoyote ya kwaya ya parokia: mlezi, mwenyekiti, prodyuza, mpiga picha. Aliyeanzisha wimbo pale mazoezini, yule mama wa sauti ya kwanza aliyeugeuza ubeti wa tatu ukapendeza, hayupo.

---

Sauti ya Taita

Mwalimu, uzi uko sawa lakini umeacha Kenya nje, na sisi tuko ndani ya hadithi hii.

Mwaka 1990 Philips haohao walitoa Missa Luba upya, na walioimba ni Muungano National Choir kutoka Kenya chini ya Boniface Mganga, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Voi. Baada ya Misa kuna nyimbo za kienyeji za Kenya, mpango uleule wa sahani ya Kamina: kwanza Misa, halafu nyumbani.

Ziwekeni mbili pamoja mtaona. Kamina ni wavulana na wanaume. Muungano ni kwaya ya watu wazima, wanawake na wanaume, sauti zimejaa kuanzia juu mpaka chini, matamshi safi, rekodi safi, ngoma unaisikia hata ngozi yake. Mimi nimelelewa na hiyo ya 1990 na sioni aibu kusema naipenda zaidi. Ile ya 1958 ina vitu vinavyonisumbua: sauti zingine zinaponyoka, mwendo unasogea. Mwalimu anaita hiyo uhai. Adjudicator (jaji) wa Music Festival, mashindano yetu ya muziki, angewakata alama.

Na nikuulize: kama Misa ile ilikuwa kitu cha kubuni papo hapo, basi sisi Wakenya tulipoimba kutoka kwenye nota tulikuwa tunaiharibu? Kwa sababu tuliimba vizuri sana, na watu wengi Ulaya waliijua kupitia sisi.

---

Mwalimu wa Zamu

Hapana, hamkuiharibu. Ile ya Muungano ninayo na ninaiheshimu, Credo yao hasa, ambayo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote na ndipo kwaya nyingi huchoka. Wao hawachoki.

Ila ukizisikiliza mfululizo kuna kitu kinabadilika. Kamina wanaimba kama watu ambao bado wanaamua. Muungano wanaimba kitu kilichokwisha kuamuliwa, na wanakiimba kwa ufundi mkubwa. Hakuna dhambi hapo. Lakini kwaya inayoanza leo ikichukua nota za Missa Luba na kuiga kila kona, imechukua majibu ya wenzake ikaacha namna walivyoyapata. Ningependa zaidi kusikia Wagogo wakifanya hivyo kwa sauti zao. Wana uimbaji wa sauti nyingi ambao haukuletwa na mtu.

Adjudicator akate tu alama.

---

Mganda wa Mbali

Kwa kuongezea, msisahau Kampala. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio (masimulizi marefu ya kuimbwa na kwaya) ya Mashahidi wa Uganda, kwa mitindo ya Kiganda, na iliimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Yeye ni mtunzi mwenye jina lake juu ya kazi yake. Kwa mnaolalamikia majina, huo ni mfano wa upande wa pili.

---

Fundi Mitambo

Nimesoma yote. Mimi ndiye huyo prodyuza mnayemsema, kwa hiyo niruhusuni nijitetee halafu niwape msaada.

Kunyoosha sauti mnatuomba wenyewe. Nikiwaachia kama mlivyoimba mnasema "mbona haijapikwa". Hilo liishe.

Sasa kwa anayetaka kufanya alivyosema Mwalimu, inawezekana, na kwa vifaa vichache kuliko mnavyodhani. Hamhitaji maiki kumi na mbili. Mnahitaji maikrofoni mbili za kondensa zinazofanana, stendi ndefu, kadi ya sauti yenye chaneli mbili na kompyuta. Ziwekeni mbele ya kwaya, nyuma kidogo ya mwalimu, juu ya kichwa chake, zikiinamia safu ya katikati. Anzeni mita mbili hivi kutoka safu ya kwanza, rekodini ubeti mmoja, sikilizeni. Kama mnasikia mtu mmoja mmoja, maiki ziko karibu mno, rudisheni nyuma. Kama maneno yanapotea kwenye mwangwi, zisogezeni mbele. Mkipata pazuri, wekeni alama sakafuni kwa gundi ya karatasi na asiziguse mtu tena. Kiwango cha sauti kiacheni chini: sehemu yenye kelele kuliko zote isivuke kama desibeli 10 au 12 chini ya mwisho wa kipimo. Hosanna itakuja na nguvu ambayo hamkuiona kwenye majaribio.

Kusimama je? Mwenye sauti kali asogee nyuma, asishushwe kwa mashine. Ngoma iwe pembeni na nyuma, na mpigaji aone uso wa mwalimu. Msimweke mbele eti aonekane, hakuna video siku hiyo.

Shida kubwa kuliko zote ni jengo. Makanisa yetu mengi ni bati. Mchana bati linawaka, jioni linapopoa linalia: tak, tak-tak, juu ya kila pianisimo (sehemu ya sauti ndogo kabisa) yenu. Subirini mpaka lipoe kabisa, saa tatu usiku kwenda mbele. Hapo mtakutana na nyenje na vyura, na ikiwa ni msimu wa mvua sahauni. Zimeni feni zote, zimeni friji ya sakristia, zimeni taa za tyubu zinazovuma, washeni balbu za kawaida. Bajaji na bodaboda hamtazizima, kwa hiyo mpeni kijana mmoja kazi ya kukaa getini na kumulika tochi barabara ikiwa kimya.

Na kabla ya kuanza, rekodini ukimya wa chumba, dakika moja, watu wote wakiwa wamesimama mahali pao. Msiniulize kwa nini, nitauhitaji wakati wa kuunganisha.

---

DadaAlto

Fundi, hapo kwenye kuunganisha ndipo nilipokuwa nataka. Kwa hiyo bado mnaweza kukata na kuunganisha hata mkirekodi wote kwa pamoja?

---

Fundi Mitambo

Tunaweza, ila si katikati ya neno. Mnaimba wimbo mzima mara tatu au nne. Kisha nachukua ubeti wa kwanza wa mara ya pili, ubeti wa pili wa mara ya kwanza, na kuendelea. Nakata penye pumzi, na ukimya ule wa chumba unaziba pengo. Sasa hapo ndipo kuna mtego: kwaya isiyo na kinanda inashuka. Mnaanza Do pazuri, mkifika ubeti wa nne mko nusu toni chini na hakuna aliyejua. Mara ya kwanza mmeshuka hivi, mara ya pili mmeshuka vile, siwezi kuziunga. Kwa hiyo kabla ya kila mara mpiga kinanda awape sauti zenu nne kutoka kinanda kilekile, halafu akizime. Na jizoezeni viitikio vya mwisho kwa kusikiliza besi, maana mara nyingi besi ndiye anayewateremsha.

---

Besi wa Nyuma

Nimeonewa uzi huu.

---

Mwalimu wa Zamu

DadaAlto, nilikuahidi jibu.

Ulisema wavulana wa Kamina walikuwa na mtu wa kuwaita darasani na sisi tuna kikoba na ndoa. Sikatai. Kwa watu 38 wa daftarini, mpango huu hauwezekani. Lakini umesema wanafika kumi na tano. Chukua hao kumi na tano. Wanaofika mazoezini kila siku tayari wanajuana pumzi, na kwa nyimbo za tafakari kumi na tano ni kundi la kutosha kabisa. Wanaobaki waimbe Jumapili kama kawaida, hakuna aliyefukuzwa.

Na msirekodi albamu ya nyimbo kumi. Hapo ndipo fedha na uvumilivu vinakwisha. Rekodini tatu: moja ya kuomba huruma, moja ya baada ya komunyo, moja ya Ijumaa Kuu. Usiku mmoja unatosha kama mmekuja mkizijua. Zikitoka vizuri, mwakani tatu nyingine.

Mazoezini fanyeni alichosema Mtoto wa Kamina. Mmoja aanzishe, wengine wangoje, bila mwalimu kupunga mkono. Wiki ya kwanza itakuwa vurugu tupu na kuna watu watachukia.

---

DadaAlto

Kumi na tano, nyimbo tatu, saa tatu usiku. Mwenyekiti atasema tunaunda kwaya ndani ya kwaya.

---

Mpenda Pambio

Atasema, na hatakuwa amekosea sana. Mwambieni mapema, na huo wimbo wa Ijumaa Kuu mmuombe achague yeye.

---

Sauti ya Taita

Na kwenye kava muandike majina yote kumi na tano. Na mwenye tochi getini pia.

---

DadaAlto

Haya. Fundi, naomba nikucheki inbox kuhusu hizo maiki mbili, kama za kukodi zipo. Mwalimu, wewe utakuja kutupa sauti za mwanzo, maana mpiga kinanda wetu akijua kinanda kinazimwa hatatokea.